Ukosefu wa ajira "wa" msimu au "za" msimu?

Msomaji wa Mafinga anauliza: katika somo la uchumi aandike "ukosefu wa ajira wa msimu" au "ukosefu wa ajira za msimu"? Mwenzake amemwambia yote ni sawa.

Si sawa. "Wa" inafuata ukosefu: hali ya kukosa kazi inayokuja na kuondoka na msimu. "Za" inafuata ajira: vibarua vya msimu ndivyo vimeadimika. Mchuma chai wa Mufindi anayekaa bure Julai, baridi ikiwa imedumaza majani, ana la kwanza. Mvua zikirudi akakuta hakuna anayeandikisha wachumaji, ana la pili.

Jibu ndilo hilo. Sasa niruhusu nimshukie adui yangu wa siku nyingi: "changamoto ya ajira". Haikosekani kwenye hotuba, mahafali wala andiko la mradi: "vijana wanakabiliwa na changamoto ya ajira". Ajira imewakosea nini? Laiti wangekabiliwa nayo! Wanakabiliwa na kuikosa. Ajira ni neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa ujira na mwajiri, na habari yake ni malipo. Changamoto nayo inatokana na kuchangamka, na sijamwona aliyechangamshwa na bahasha ya vyeti iliyopauka.

Ingekuwa kosa la sarufi tu ningenyamaza. Lakini msemo huu unafungia gunia moja maradhi yasiyotibika kwa dawa moja. Mchukue mchuma chai yuleyule. Akiacha shamba la Mufindi akatafute la Rungwe, wiki za katikati ni ukosefu wa ajira wa mpito (wengine husema wa msuguano, sina ugomvi nao). Dawa ni habari za nafasi kumfikia mapema. Shamba likinunua mashine za kuchumia, ukosefu wake ni wa kimuundo: hata bei ya chai ipande, bila ujuzi mwingine harudi. Uchumi mzima ukidorora, wanunuzi wakapungua na mashamba yakapunguza watu, huo ni wa mzunguko, na uchumi ukiinuka ataitwa tena. Kiangazi akiingia kwenye vinyungu (bustani za bondeni) vya familia, watu sita kwa kazi ya wawili, huo umefichika: waondoe wanne, mavuno hayapungui hata debe.

Na akikata tamaa, asitafute tena? Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni yule asiyefanya kazi, aliye tayari kuifanya na anayeitafuta. Katika watu wazima 100, wakiwa 60 kazini, 15 wanatafuta na 25 hawatafuti, kiwango ni 15 kwa 75 (walio kazini na wanaotafuta tu), yaani asilimia 20, si 15. Watano wakichoka kutafuta, kinakuwa 10 kwa 70, kama asilimia 14. Kimeshuka, na hakuna aliyepata hata kibarua! Hapo mzee wa "changamoto ya ajira" atapanda jukwaani kututangazia kwamba changamoto imepungua.

"Tatizo la ajira" nalivumilia kwa shingo upande kwenye vichwa vya habari, maana nafasi huwa finyu. Kwenye mtihani, ndugu yangu, nafasi unayo: andika "ukosefu", utaje ni upi, na uupe "wa" yake.