Bloku za kubadilishana zisizeekee kwenye boksi: ninavyozigeuza kuwa mifarishi

Wengi wetu tunaoshona viraka tuna boksi la bloku, yaani miraba ya viraka inayounganishwa kuwa mfarishi, ambazo hatukuzishona sisi. Nyingine tulibadilishana na wenzetu, kila mmoja akashona za aina moja na kuzigawa kwa kundi. Nyingine zilitoka kwa shangazi aliyeacha kushona macho yalipochoka, nyingine tulipewa tu na mtu aliyekuwa anapunguza vitu nyumbani. Ni mali, na kila anayefungua boksi lile anafurahi kuziona. Kisha analifunga. Bloku zinaongezeka, mfarishi hauonekani.

Ninavyoona mimi, zinakaa kwa sababu tunasubiri zipatane. Tunazitandaza kitandani, tunaona hii ya waridi haielewani na ile ya kahawia, hii imezidi na ile imepungua, tunazikunja tena kwa ahadi kwamba tutatafuta nyingine zinazofanana nazo. Bloku zilizotoka kwenye mikono mingi hazitapatana zenyewe. Kinachozipatanisha ni kitambaa unachokiongeza wewe kati yake, na kipimo kimoja unachokiamua wewe. Nimemaliza mifarishi kadhaa kwa njia hiyo na sasa siogopi bloku ya mtu yeyote.

Mfano mkubwa ninaoujua ni ule mfarishi wa kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI nchini Marekani, kazi iliyoanzia San Francisco mwaka 1987. Kila kipande kilishonwa na watu wake: mama, mpenzi, rafiki wa marehemu. Wengine waliweka jina tu, wengine shati, picha, hata midoli. Lakini kipimo kilikuwa kimoja, futi 3 kwa futi 6, na vipande 8 vilivyounganishwa vilitoa mraba wa futi 12 kwa 12. Ulipotandazwa Washington mwezi Oktoba mwaka huo ulikuwa na vipande 1,920. Hakuna aliyeambiwa afanane na jirani yake. Kipimo kilitosha kuwaweka pamoja.

Kwa hiyo anza na rula, kabla hata hujafikiria rangi. Piga pasi bloku zote kwanza, kwa kubonyeza na kuinua, si kwa kusukuma pasi huku na huku, maana kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika kirahisi. Utashangaa ni bloku ngapi "ndogo" zilikuwa na mshono uliojikunja tu. Wanga kidogo wa kunyunyizia unasaidia sana hapa. Kisha pima kila moja pande zote mbili na uandike kipimo kwenye kikaratasi ukibane kwa pini.

Bloku inayokusudiwa kuwa ya inchi 12 ikishaunganishwa inatakiwa iwe inchi 12 na nusu ikiwa peke yake, kwa sababu kila upande robo inchi inaingia kwenye mshono. Katika bloku za kubadilishana, usitarajie hivyo. Chukua bloku yenye vipande vinne kwa upana wake. Ina mishono mitatu, na kila mshono unakula kwenye vipande viwili, yaani mara sita kitambaa kinaliwa. Mtu akishona kwa kuzidisha sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi, bloku yake itapungua zaidi ya theluthi ya inchi. Mshonaji huyo ni mwangalifu kabisa. Cherehani yake na yako hazina robo inchi moja.

Ukishapima, utavutiwa kukata zote zifuate ile ndogo kuliko zote. Usifanye hivyo. Kwenye bloku za nyota, au zozote zenye pembe zinazofika ukingoni, ile robo inchi iliyo nje ya ncha ndiyo inayoiweka ncha hai. Ukiikata, mshono utaila ncha, na nyota itabaki butu milele.

Dawa yake ni fremu. Kila bloku unaizungushia ukanda wa kitambaa, halafu unakata ukanda, hukati bloku. Tuseme bloku zako ziko kati ya inchi 11 na robo tatu na inchi 12 na robo tatu. Kata kanda za upana wa inchi 2, shona pande mbili, piga pasi, shona pande mbili zilizobaki. Bloku ndogo itafika inchi 14 na robo tatu, kubwa itafika 15 na robo tatu. Sasa zote zikate ziwe inchi 14 na nusu, ukihakikisha bloku iko katikati ya rula. Fremu za bloku ndogo zitaonekana pana kidogo kuliko za kubwa, na ukishaunganisha hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo.

Nina bloku moja ya nyota ya bluu niliyopewa na mama mmoja mtu mzima ambaye hushona kwa mkono. Mstari wa penseli alioufuata bado unaonekana kwa nyuma, na mishono yake ni midogo, imelala sawasawa kama chembe za mchele, isipokuwa kwenye kona moja ambapo uzi ulimwishia akaanza upya kwa uzi wa rangi nyingine. Upande mmoja ilikuwa karibu inchi 11 na nusu, upande wa pili karibu inchi 12, na kona moja ilikuwa imeinama. Bloku kama hiyo ukiilazimisha iwe mraba kwa pasi itakurudia. Niliizungushia kanda pana zaidi, za inchi 3, nikaweka rula juu nikiizungusha mpaka nyota yenyewe ikaonekana imesimama wima, nikakata. Fremu imepinda kidogo, nyota imenyooka. Kwenye mfarishi uliomalizika, hiyo ndiyo bloku ambayo watu huigusa.

Kama bloku zako zimekaribiana vipimo, tofauti isiyozidi robo inchi hivi, huhitaji fremu. Mikanda ya kutenganisha itatosha. Siri iko hapa: kata mikanda yote urefu mmoja, kisha bloku ifuate mkanda, mkanda usifuate bloku. Bana kwa pini mwanzo, mwisho na katikati, halafu sambaza kilichozidi kati ya pini. Wakati wa kushona, kile kilicho kirefu zaidi kikae chini, kiguse meno ya cherehani, kwa sababu meno yanavuta kitambaa cha chini haraka kidogo kuliko cha juu. Yale yaliyozidi yanamezwa bila kukunjamana. Mishono ilaze kuelekea kwenye mikanda, na makutano yatakaa vizuri. Ukiweka vimraba vidogo vya rangi nyingine pale mikanda inapokutana, utapata pia alama za kukuonyesha kama safu zimenyooka.

Rangi ya mkanda au fremu ndiyo uamuzi mkubwa kuliko wote, na hapa nina msimamo. Siweki nyeupe kabisa kati ya bloku za kubadilishana. Karibu kila mkusanyiko una bloku zenye mandhari ya rangi ya malai, na malai ikikaa karibu na nyeupe safi inaonekana kama nguo isiyofuliwa vizuri. Kijivu cha wastani, bluu ya usiku, au malai yenyewe hufanya kazi vizuri zaidi. Njia nyingine ninayoipenda ni kutafuta rangi inayojitokeza kidogo kidogo kwenye bloku nyingi, labda jani moja la kijani hapa na ua dogo la kijani pale, halafu kuifanya hiyo ndiyo rangi ya mikanda. Ghafla bloku zinaonekana kama zilipangwa pamoja tangu mwanzo. Nunua kitambaa hicho kwa wingi mara moja, maana rangi ileile ikitiwa wakati mwingine kiwandani haitoki vilevile.

Kabla ya kuunganisha chochote, jaribu kama bloku zinachuja. Hujui nani alifua kitambaa chake kabla ya kushona na nani hakufua. Nyekundu na bluu iliyokolea ndizo za kuogopwa. Usifue bloku zenyewe, kingo zitafumuka nyuzi na kupungua. Lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya ile nyekundu, bonyeza kwa pasi, tazama. Kikitoka na doa, weka bloku hiyo pembeni ukatafakari kama inafaa kukaa kwenye mfarishi utakaofuliwa mara kwa mara. Na kama kuna bloku yenye kitambaa cha nailoni au polista ndani yake, iandike, ili usije ukaiunguza kwa pasi ya moto wa pamba.

Kuhusu mpangilio sina maneno mengi. Tandaza, anza kwa kuweka zile zenye kelele mbali mbali, kisha piga picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Bila rangi, utaona mara moja kama bloku zote zilizokolea zimejazana upande mmoja. Rekebisha, acha usiku mmoja upite, kisha shona. Ukizidi hapo unarudi kwenye lile boksi.

Bloku 20 zilizofikishwa inchi 14 zikiwa zimemalizika, ukizipanga 4 kwa 5 bila mikanda, zinakupa inchi 56 kwa 70, mfarishi wa kujifunika mtu mmoja. Ongeza mikanda ya inchi 2 katikati yake na unafika inchi 62 kwa 78. Kwa hiyo usiseme bloku hazitoshi kabla hujahesabu mikanda. Ukizigeuza zisimame kwa pembe, kila bloku ya inchi 12 inachukua karibu inchi 17 kutoka pembe hadi pembe, na bloku chache zinaenea mbali zaidi. Ila pembetatu za kujazia pembeni zikate kutoka kwenye mraba mkubwa uliogawanywa mara nne kwa mishazari yake miwili, ili ukingo wa nje wa mfarishi ufuate uzi ulionyooka wa kitambaa. Ukingo wa mshazari utavutika na kufanya mawimbi.

Sasa kuna watu wanaofika hapa, uso wa mfarishi umekamilika, halafu wanaukunja na kuurudisha kwenye boksi. Nawasihi msifanye hivyo. Kata bitana kubwa kuliko uso, angalau inchi 3 au 4 kila upande, ilaze sakafuni upande wake mzuri ukiangalia chini na uibane kwa utepe wa karatasi wenye gundi mpaka ikazike kiasi bila kuvutwa. Juu yake pamba ya kujazia, juu yake uso. Piga bandi kwa uzi mrefu au tumia pini za usalama, ukianzia katikati kwenda nje. Kwa bloku za kubadilishana, sipendi kushona michoro mikubwa juu yake, maana unene wa mishono unatofautiana sana kati ya bloku na bloku. Mistari iliyonyooka kando ya mikanda inatosha, mradi umbali kati ya mistari usizidi ule ulioandikwa kwenye kifuko cha pamba. Na kama cherehani yako ni dhaifu, funga mafundo. Uzi mnene wa pamba, sindano ndefu, fundo la mara mbili kila inchi 4 hivi. Mifarishi iliyofungwa mafundo imewafunika watu kwa vizazi na haina aibu yoyote.

Pindo la ukingoni ni hesabu fupi. Mfarishi wa inchi 62 kwa 78 una mzunguko wa inchi 280. Ongeza inchi 10 za kona na maungio, gawa kwa inchi 40 za upana wa kitambaa zinazotumika, na utahitaji kanda 8. Mimi hukata za inchi 2 na nusu, nazikunja mara mbili.

Majina ndiyo yanayosahaulika. Katika miaka ya 1840 huko Marekani watu walipenda sana mifarishi ya urafiki, ambayo kila bloku ilitiwa saini kwa wino na aliyeishona au aliyekumbukwa, na leo saini hizo ndizo zinazowawezesha watafiti kujua mfarishi ulitoka kwa nani. Fanya hivyo na wa kwako. Andika kwenye kitambaa chepesi majina ya wote walioshona bloku na mwaka, kwa kalamu ya wino usiotoka. Weka karatasi ya msasa chini ya kitambaa ili kisiteleze unapoandika, kisha kipige pasi wino ushike. Kishone kwenye bitana kabla ya kuunganisha matabaka, ili mishono ya mfarishi ipite juu yake na asiweze mtu kukiondoa bila kufumua. Bloku zilizobaki nazo zina nafasi: safu moja katikati ya bitana inaongeza upana na kuficha kiungo.

Na duru ijayo ya kubadilishana ikianza, omba mambo mawili kabla watu hawajakata vitambaa. Kila mmoja ashone bloku moja ya majaribio na kuipima, na kila mmoja alete bloku zake bila kupunguza kingo. Atakayezikusanya azikate zote kwa rula moja.