Usimpime mtafiti kwa h-indeksi peke yake
Ndugu, umeuliza kama h-indeksi ya 20 inatosha kumwita mtafiti wa afya ya jamii mwenye ushawishi. Hiyo 20 maana yake ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa mara 20 au zaidi, basi. Haisemi amenukuliwa kwa lipi. Makala ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji, iliyohusu watoto 12 tu (ndiyo, 12!), ilinukuliwa mno, wengi wakiipinga, jarida la The Lancet likaifuta 2010. Fungua makala tatu nne zinazomnukuu huyo mtafiti wako, usome sentensi yenyewe: wametumia mbinu yake, au wamemtaja juujuu? Kisha mtafute kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Makala yenye nukuu chache inaweza kuwa ndiyo iliyobadilisha ratiba ya chanjo.