Maswali na majibu: kamera za fundi, picha zilizofutika na kitasa kinachosubiri intaneti

Maswali mengi yanakuja hivi: "Je, hiki ni salama?" Hakitajwi kifaa, haitajwi programu, haisemwi nini kilibonyezwa. Hayo nimeyaweka kando. Yafuatayo yana la kujibika.

Fundi amenifungia kamera nne na DVR (mashine inayorekodi picha zake). Naona kila kitu vizuri kwenye simu. Anasema nisibadili nenosiri ili akihitajika anisaidie akiwa kwake. Kuna ubaya? (Mbezi)

Upo. Fundi anaiona sebule yako muda wowote. Na kama anaweka nenosiri hilohilo kwa wateja wake wote, basi kila kijana aliyewahi kumshikia ngazi anaiona pia.

Anza kwa kuangalia DVR imesajiliwa kwa akaunti ya nani. Programu nyingi za kamera zinataka kifaa kiwe na akaunti moja inayokimiliki, wengine wote wanashirikishwa tu. Wapo mafundi wanaoskani QR ya DVR kwa akaunti zao, kisha wanamshirikisha mwenye nyumba. Fungua programu, ingia mipangilio ya kifaa. Ukikuta umeandikwa kuwa umeshirikishwa, wewe ni mgeni kwenye kamera ulizolipia. Mwite aifute kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, halafu uiskani wewe, kwa akaunti uliyoifungua kwa namba yako.

Kisha chomeka kipanya kwenye DVR yenyewe, iunganishe na runinga, ingia kama admin ubadili nenosiri. Liwe la herufi 12 au zaidi, lisilotumika kwingine, na uliandike kwenye daftari linalokaa na hati za nyumba. Ukilisahau, kulirejesha ni usumbufu mkubwa. Fundi akihitaji kuingia siku nyingine, mfungulie mtumiaji wa pili mwenye ruhusa anayoihitaji kwa kazi hiyo tu, na akimaliza mfute.

Bado ruta. Zima UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia njia kwenye ruta), na funga milango yote (port) iliyofunguliwa kuelekea DVR. Inayokutwa mara nyingi ni 80, 554, 8000 na 37777. Mlango ukiwa wazi unagongwa usiku na mchana na programu zinazotambaa mtandaoni zikitafuta vifaa vya aina hiyo. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilizunguka na orodha ya jozi zipatazo 60 za majina na manenosiri ya kiwandani, ikateka kamera, DVR na ruta duniani kote. Tarehe 21 Oktoba vifaa vilivyotekwa vikaishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza vivinjari kwenye tovuti, na watu wengi Marekani wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera hizo kwa kawaida hawakuona dalili yoyote. Picha kwao zilikuwa safi, kama zako.

Hukuuliza, lakini nakuambia: atakayekuja kukuuzia hifadhi ya wingu kwa kamera hizo, mpigie hesabu. Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde inatoa GB 21.6 kwa siku. Nne zinatoa GB 86. Diski ya TB 1 ndani ya DVR inabeba siku 11 hivi, kisha inaandika juu ya za zamani. Kupandisha mzigo huohuo mtandaoni ni zaidi ya TB 2.5 kwa mwezi. Na kamera ya sebuleni ing'oe, uihamishie getini. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kuwa mfanyakazi mmoja wa Ring, kampuni ya kamera za nyumbani, alitazama maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwemo za kamera walizofunga vyumbani na bafuni. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Hakuna mdukuzi aliyehitajika hapo. Alikuwa mtu wa ndani mwenye ruhusa.

Simu yangu inanisikiliza? Nilizungumzia magodoro, jioni nikaona tangazo la magodoro. (Nakuru, Tanga, Kigoma na wengine)

Tena! Android 12 na iOS 14 kuja juu huonyesha alama pembeni ya kioo programu inapotumia maikrofoni: kijani kwa Android, rangi ya chungwa kwa iPhone. Iangalie. Lakini anayekutangazia hahitaji masikio. Ana mahali ulipopita, ulichotafuta, na alichotafuta mwenzako mnayetumia Wi-Fi moja. Ingia kwenye ruhusa za programu, ondoa mahali na maikrofoni kwa kila isiyokuwa na kazi navyo. Tochi haina haja ya kujua uko wapi.

Simu ilijaa, nikafuta picha za miaka mitatu nikijua ziko Google Photos. Sasa hazipo kote kote. Nimeibiwa? (Morogoro)

Hujaibiwa. Ulifuta, nayo ikatii. Ukifuta picha ndani ya Google Photos wakati kuhifadhi nakala kumewashwa, inafutika kwenye simu na kwenye akaunti. Fungua pipa la taka sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma: picha iliyokuwa imehifadhiwa hukaa humo siku 60, ambayo haikuhifadhiwa siku 30. Ulichopaswa kubonyeza ni ile sehemu ya kupata nafasi kwenye kifaa, inayoondoa nakala za simu peke yake.

Kusawazisha si kuhifadhi. Kinachosawazishwa hubeba na makosa yako, na hubeba haraka. Fanya hivi. Ingia Google Takeout (huduma ya Google ya kupakua data zako) kwa kompyuta, chagua Photos peke yake, omba mafurushi ya GB 10 au zaidi. Yale ya GB 2 yatakuletea utitiri wa faili. Pakua mapema, kiungo kina siku za kuisha. Utakuta kila picha ina faili ndogo ya JSON pembeni. Usiitupe, mara nyingine tarehe na mahali picha ilipopigwa vimo humo.

Zimwage kwenye diski mbili za nje, si moja. Ziumbize (format) kwa mfumo wa exFAT ili zisomeke kwenye Windows, Mac na simu nyingi za Android za sasa. Mfumo wa zamani wa FAT32 unakataa faili moja inayofikia GB 4, na video ya harusi inafika. Diski moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine, maana mwizi na moto havichagui. Kila miezi sita zichomeke zote mbili, fungua picha kadhaa za zamani na za karibuni. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni ya kudhaniwa tu.

Na tafadhali, flashi ya TB 2 inayouzwa barabarani kwa bei ya chipsi mayai haina TB 2. Ndani kuna GB 32 au 64, na imechezewa ili idanganye kompyuta. Itapokea faili zako zote bila kulalamika, na baada ya ujazo halisi kwisha zinazofuata haziandikwi popote au zinafuta za mwanzo. Majina ya faili utayaona yote; picha ndizo hazitafunguka. Ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac kabla hujaiamini hata kwa wimbo mmoja.

Moja la mwisho kwako. Akaunti ya Google isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Mwenye picha za marehemu mzazi kwenye akaunti ambayo hakuna aingiaye, azishushe wiki hii.

GB WhatsApp ina hatari gani? (Wengi mno)

Ni WhatsApp iliyochezewa na watu wasio wenye WhatsApp. Umempa mtu usiyemjua ujumbe wako wote ili uweze kuficha tiki za bluu. Iondoe.

Kama WhatsApp imefungwa kwa usimbaji, kwa nini mnatutisha? (Mombasa)

Njiani imefungwa. Nakala inayopanda kila usiku kwenda Google Drive au iCloud haifungwi kwa ufunguo wako mpaka uwashe mwenyewe. Nenda Mipangilio, Soga, sehemu ya hifadhi nakala ya soga, uwashe usimbaji mwisho hadi mwisho. Utachagua nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Uandike kwenye karatasi. Ukipoteza na simu na ufunguo, hakuna wa kukufungulia, na hiyo ndiyo maana yake.

Ujue pia kuwa unalinda nakala yako tu. Kikundi cha kikoba chenye wanachama 40 kinaweza kuwa na nakala 40, na picha za vitambulisho vya NIDA mlizotumiana kwa ajili ya usajili zimo kwenye kila moja. Kitambulisho hakitumwi kwenye kikundi. Mtumie mhazini peke yake, kwa ujumbe wa kutoweka. Na kwa Android nakala hiyo sasa inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za Google, ndiyo sababu barua pepe yako imegoma kupokea.

Nataka kufunga kitasa janja na taa za kuwasha kwa simu kwenye nyumba ya kupangisha. Unashauri chapa gani? (Arusha)

Chapa baadaye. Kwanza mwambie muuzaji azime ruta yake, kisha akufungulie kitasa na kuwasha taa mbele yako. Akianza kueleza, ondoka. Kifaa kinachoomba ruhusa kwa seva ya ng'ambo ili kifanye kazi ya swichi ya ukutani, umekikodi, hata kama risiti inasema umenunua.

Mifano ipo. Revolv kilikuwa kidhibiti cha nyumba cha dola 300 hivi. Kampuni ilinunuliwa na Nest, na Mei 2016 seva zikazimwa, kikabaki kopo. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika bila wateja kupewa taarifa. Na kwetu hata kampuni ikiwa hai, njia yenyewe inakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na jirani ikachechemea. Mpangaji wako aliyesimama nje na mizigo hatataka kusikia habari za nyaya.

Kama ni lazima, chukua kitasa chenye tundu la ufunguo wa kawaida, kinachokubali namba bila intaneti, na chenye sehemu ya nje ya kugusishia betri ya volti 9 au kuchomeka chaja betri za ndani zikiisha. Ufunguo wa akiba usikae ndani ya nyumba hiyohiyo. Watu hufanya hivyo. Kila mpangaji anapoondoka futa namba yake. Taa chagua za Zigbee au Matter (mifumo ya vifaa vya nyumbani kuwasiliana vyenyewe) zenye kidhibiti cha ndani, na kidhibiti hicho ukiweke kwenye mtandao wa wageni mbali na kompyuta yako. Na kabla ya yote tafuta mpangilio wa "hali umeme ukirudi". Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa ziwake, kwa hiyo umeme ukirudi saa tisa usiku nyumba nzima inang'aa.

Fundi simu Kariakoo anataka PIN ndipo abadili kioo. Nimpe?

Hapana. Kioo hubadilishwa simu ikiwa imezimwa, na mguso unapimwa kwenye ukurasa wa simu za dharura bila kuifungua. Kwa Samsung za karibuni kuna hali ya matengenezo kwenye utunzaji wa kifaa. Pixel nazo zina hali ya ukarabati. Fundi anapata simu inayowaka, data zako hazioni. Simu isiyo na hali hiyo na inayohitaji kufunguliwa kweli: hifadhi nakala, ondoa akaunti ya Google kwanza, ndipo uirudishe ilivyotoka kiwandani. Ukiiacha akaunti, simu inaweza kuidai baada ya kuwaka.

Laini na kadi ya kumbukumbu toa kabla hujaikabidhi. Watu wanaficha picha na kumwachia fundi laini yenye M-Pesa, inayopokea namba za uthibitisho za benki.

Nilikopa elfu hamsini kwenye programu, nimechelewa siku nne, wamempigia mkwe wangu. Nikifuta programu wataacha? (Dodoma)

Hawataacha. Majina yako yote walishayanyonya siku uliyobonyeza kuruhusu. Tangu 31 Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo ya watu binafsi kwenye duka lake kugusa orodha ya majina na picha, kwa hiyo inayoomba hayo pengine uliipakua kwa kiungo cha APK, yaani faili ya programu inayosakinishwa nje ya duka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu za mikopo zisizo na kibali. Angalia kama yako imo.

Piga picha za kioo za jumbe na namba zote, omba wakupe kwa maandishi deni na riba, upeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Kenya wamekwisha kuonyesha njia: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu walizozipata kwa wengine na kuwasumbua. Deni lako lilipe. Ila namba ya mkwe haikuwa yako kuigawa, na nadhani radhi utakayomwomba itakugharimu kuliko riba.

VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mwingine) ipi ya bure ni nzuri?

Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure, na kupitia hiyo ikawa inaona programu gani wanazitumia. Apple ikailazimu kuiondoa kwenye duka lake Agosti 2018. Kuendesha seva kuna gharama, na usipolipa wewe kuna mwingine anayelipia anachokiona. Mlioko Tanzania mkumbuke pia tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 kuhusu kutoa taarifa za VPN mnazotumia.

TV janja mpya inataka barua pepe na Wi-Fi kabla haijawaka. Nifanyeje? (Zanzibar)

Tafuta pa kuruka hatua hiyo, huwa pameandikwa kwa maandishi madogo chini. Ikiwa tayari umeiunganisha, ingia sehemu ya faragha uzime utambuzi wa maudhui, unaosoma kinachopita kwenye kioo hata kikitoka kwenye king'amuzi. Vizio walilipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa kufanya hivyo kwenye televisheni milioni 11 bila ridhaa. Kisha ifute Wi-Fi, uchomeke king'amuzi kwa HDMI.