Kabla hujaihama Windows, fungua kwanza mchoro wako mgumu kuliko yote

Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu yangu ilikuwa bado nzima. Betri inashika saa tatu, kioo hakina mkwaruzo, RAM ni GB 8. Shida yake ni umri: ina Core i5 ya kizazi cha 6, na Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Fedha ya kununua nyingine sikuwa nayo. Kubaki na mfumo usiopata viraka vya usalama, huku nimebeba nywila za mitandao ya watu, sikutaka. Nikahamia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows.

Kazi yangu ni kufunga mitandao ya kompyuta kwenye shule, zahanati na nyumba za wageni, Moshi na wilaya za jirani. Barua, mahesabu na picha vilihama siku moja. Kilichonitoa jasho ni michoro. Nina miaka tisa ya michoro ya Visio, programu ya Microsoft ya kuchorea: swichi ipi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) iko chumba gani, kebo ipi inatoka wapi inaingia wapi, ruta ina anwani gani. Na Visio ya kusakinisha haipo kwa Linux, wala kwa Mac. Lipo toleo la kwenye kivinjari, lakini linataka akaunti ya Microsoft 365 na intaneti, na mimi nusu ya kazi naifanya darini ambako hata simu haishiki.

Nilifanya haraka. Nikakuta LibreOffice Draw, programu ya bure ya kuchorea, imo tayari ndani ya Mint, na kweli inafungua mafaili ya Visio. Nikafungua mchoro wa shule moja, ukatokea na rangi zake zote, nikaridhika. Jioni ileile nikaifuta Windows.

Wiki mbili baadaye shule hiyo ikaamua kuhamisha raki ya swichi, yaani kabati linalozishika, kutoka ofisi ya mhasibu kwenda maktaba. Nikaisogeza kwenye mchoro. Raki ikaenda, mistari ikabaki. Mistari 24 imesimama palepale ikielekea kwenye nafasi tupu. Nikakaa usiku naivuta mmoja mmoja kwa mkono, na miwili kati yake nikaibadilisha bila kujua. Kesho yake kijana ninayefanya naye kazi akaufuata mchoro, akachomoa kebo ya chumba cha kompyuta badala ya ya stoo. Wanafunzi walikuwa katikati ya jaribio la vitendo. Niliwaomba radhi walimu, nikamwomba radhi na kijana mwenyewe, maana yeye alisoma sawasawa na kilichoandikwa. Aliyekosea ni mimi.

Hapo ndipo nilipojua ninachotafuta. Mstari kwenye mchoro wa kazi una ncha mbili, na kila ncha imenata kwenye kitu: hii kwenye swichi, ile kwenye kompyuta. Ukisogeza kitu, ncha inakifuata. Draw ilinifungulia sura yote ya mchoro, ila mnato ulikuwa umepotea. Viunganishi vilikuja kama mistari mitupu.

Kwa hiyo anayeniuliza achague programu gani, simtajii jina kwanza. Namwambia achukue mchoro anaouogopa, wenye kurasa nyingi na mistari inayopishana, aufungue kwenye programu mpya wakati kompyuta ya zamani bado ipo mezani. Asogeze kisanduku kimoja aone kama mistari inafuata. Abofye maneno aone kama yanaharirika au yamekatika vipande. Aangalie matabaka: mimi kebo za umeme naziweka tabaka lake na za mtandao lake, ili niweze kuzima moja nikasoma jingine. Kisha ahifadhi, afunge, afungue tena. Programu ikishindwa hapo, uzuri wa ikoni zake haunisaidii kitu.

Iliyofaulu kwangu ni draw.io. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na toleo lake la kusakinisha lipo kwa Windows, Mac na Linux, kwa hiyo nikihama tena sitahamisha michoro. Inafanya kazi bila intaneti. Mchoro wa mteja unabaki kwenye diski yangu. Ina maktaba ya alama za Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, zile ambazo mafundi wa mitandao tumezizoea. Si nyepesi, subiri uwe na bando la kutosha ndipo uipakue, na kwenye mashine ya GB 4 utaiona inavuta miguu mchoro ukiwa mkubwa. Nilijaribu na nyingine. yEd inapanga visanduku yenyewe vizuri ajabu, na nikiwa na orodha ndefu ya vifaa kwenye Excel naitumia hiyo kupata picha ya kwanza. Dia ni nyepesi mno, lakini matoleo yake mapya yamekuwa ya nadra. Lucidchart ni nzuri kwa timu inayochora pamoja mtandaoni. Mimi nachora peke yangu, na mpango wake wa bure una kikomo cha idadi ya michoro.

Sasa yale ya kufanya kabla ya kuondoka Windows, maana mimi niliyafanya nimeshachelewa, kwenye kompyuta ya rafiki, Jumamosi mbili mfululizo. Michoro ya Visio ya zamani inaishia na .vsd, faili ambalo programu nyingi hazilisomi. Kuanzia Visio 2013 ilikuja .vsdx, ambalo kwa ndani ni faili la zip lenye maandishi ya muundo wa XML, na hilo draw.io inaliingiza pamoja na viunganishi vyake. Fungua kila .vsd ndani ya Visio, lihifadhi upya kama .vsdx. Toa pia PDF ya kila mchoro, uwe na kitu cha kulinganishia ukiona jambo limekaa vibaya huko uendako.

Halafu kuna data zilizojificha. Ndani ya umbo la swichi nilikuwa naandika anwani ya IP, namba ya kifaa na tarehe ya kukifunga. Kwenye PDF hazionekani. Visio ina ripoti za maumbo zinazoweza kuzitoa zote kwenda Excel. Zitoe, hata kama unadhani hutazihitaji.

Fonti nayo, yaani aina ya herufi. Michoro yangu yote ilikuwa ya Calibri, na Linux haiji na Calibri, kwa hiyo maneno yakamwagika nje ya visanduku. Sakinisha Carlito, ya bure, ambayo herufi zake zina upana uleule. Tatizo likaisha dakika hiyohiyo.

Kwa upande wa wateja, draw.io inaweza kuhifadhi picha ya PNG yenye mchoro mzima umefichwa ndani yake: mwenye simu anaiona kama picha, fundi anaifungua na kuihariri. Ila ukiituma WhatsApp kama picha, WhatsApp inaibana na kilichofichwa kinapotea. Itume kama hati.

Kwa anayehamia Mac, mengi ni yaleyale, na huko kuna OmniGraffle pia, ya kulipia na safi sana kwa anayechora kila siku. Usitegemee kuweka Windows pembeni kwa Boot Camp kama zamani. Mac zenye chipu za M1 kwenda mbele hazina njia hiyo.

Sikuhamisha michoro yote. Ya wateja wanaoniita mara kwa mara niliiingiza na kuikagua mstari kwa mstari. Mingine ipo kama PDF, mwenyewe akiita ndipo nitaichora. Ile ya shule niliichora upya kabisa. Nilikwenda na tochi na kijana wangu, tukafuata kebo moja baada ya nyingine kutoka maktaba hadi darasa la mwisho, na tukakuta tatu ambazo hazikuwahi kuwemo hata kwenye mchoro wa Visio.