Msaada upo kwenye websaiti ila simu haipoi, yaliyonikuta Tabora

Mwaka juzi nilitengeneza websaiti ya vikundi vya wafuga nyuki huku Tabora, kikundi kinaingiza ndoo zake za asali, mnunuzi anaweka oda, hela inatumwa kwa simu, basi. Kwa kujiamini kwangu nikaandika na sehemu ya msaada, PDF ya kurasa 38, nikaiweka chini kabisa ya peji pameandikwa "Nyaraka". Msimu ulipoanza simu yangu haikupoa, na kila ninaloulizwa jibu lake limo humohumo kwenye PDF, nikawa nasema moyoni watu wa siku hizi wavivu kusoma.

Siku moja nikaenda Isevya kwa mama mmoja mhazini wa kikundi. Shikamoo, marahaba, nikamwambia mama hebu angalia mwenyewe kwenye websaiti utajuaje kama malipo yamefika, mi nakaa kimya. Akapandisha, akashusha, akafika kwenye "Nyaraka" akaipita. Nikashindwa kuvumilia nikamuuliza mbona umeipita hiyo. "Mwanangu, nyaraka si mambo ya ofisini hayo, mi nna shida na hela yangu." Daa. Alafu akaona kisanduku cha kutafuta, akaandika hela haijaingia. Majibu sifuri, maana mi niliandika "Uhakiki wa miamala" kama naandikia benki, tena hata ningeandika vizuri asingeipata, kwa sababu kisanduku cha WordPress, yaani ule mfumo niliotengenezea websaiti, kikiwa vilevile kilivyokuja kinasoma peji tu, ndani ya PDF hakiingii.

Nikarudi nyumbani nikaikatakata ile PDF, swali moja peji moja, na vichwa vya habari sikuvitunga, nilivitoa kwenye daftari nililokuwa naandikia simu za watu, neno kwa neno. Kama huna daftari hilo anza leo.

Sasa hapa kuna kitu ambacho maelekezo mengi ya kizungu hayatakwambia. Kiswahili chetu kinabadilikia mbele ya neno. Huyu ataandika haijaingia, mwingine haikuingia, mwingine hazijaingia, na kile kisanduku kinalinganisha herufi tu, hakijui kwamba hao wote wanalia kilio kimoja, na mtu akiandika maneno mawili kinataka yote mawili yawepo kwenye peji. Kwa hiyo chini ya kila kichwa naweka mstari mmoja, "wengine wanauliza hivi: pesa haikuingia, hela hazijaingia, malipo hayaonekani, muamala umekwama". Kuusoma unachosha kidogo ila unafanya kazi, na kila Jumatatu nafungua orodha ya vilivyotafutwa vikakosa majibu nachomeka maneno mapya. Wiki moja nilikuta "ela" bila h mara kibao, nikaiweka nayo, mi si mwalimu wa kumsahihisha mtu mwenye shida.

Kwenye kupanga mafungu nako nilikuwa nimefuata menyu ya mfumo wangu: Akaunti, Bidhaa, Miamala, Mipangilio. Nikaandika kila swali kwenye kikaratasi, nikawapa wahazini watano nikawaambia pangeni yanayoendana. Swali la kurekebisha uzito wa ndoo wanne wakaliweka kwenye hela! Nilivyowauliza wakanicheka, uzito si ndo hela yenyewe, ukikosea kilo umelipwa pungufu. Mi ningelificha kwenye Bidhaa miaka yote. Sasaivi mafungu ni Nauza, Nanunua, Hela, Nimeshindwa kuingia.

Alafu usimsubirishe mtu aende kutafuta, peji ya malipo iwe na linki ya msaada wa malipo palepale chini ya kitufe. Na ukibadilisha anwani za peji weka uelekezo wa 301, yaani anwani ya zamani impeleke mtu yenyewe kwenye mpya, mi nilisahau, linki zote watu walizokuwa wametumiana kwenye magrupu ya WhatsApp zikawa zinatoa 404, yaani peji haipatikani, na simu zikaanza upya.

Ila kosa ambalo mpaka leo naona aibu kulisema ni la pasiwedi. Maelezo ya "nimesahau pasiwedi" niliyaandika vizuri kabisa, na picha juu, yakakaa miezi minne mahali ambapo lazima kwanza uingie na pasiwedi ndo uyasome.