Risasi ndani ya seli mpya za jua: je, gramu chache zinatudhuru?

SWALI: Nasikia seli mpya za jua za perovskaiti zina madini ya risasi. Fundi wangu anasema ni kidogo mno, haifiki hata gramu moja kwa mita ya mraba, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Ni kweli? Paneli ikipasuka na mvua ikanyesha, inakuwaje? Na kwa nini wasitumie bati badala ya risasi?

JIBU: Kipimo alichokupa fundi ni sahihi. Hitimisho lake silikubali.

Tabaka la perovskaiti, yaani kampaundi inayogeuza mwanga kuwa umeme, lina unene wa nusu maikromita hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na risasi ni kama theluthi moja ya uzito wake. Ukipiga hesabu unapata takriban gramu 0.7 kwa mita ya mraba. Betri moja ya gari hubeba kilo kadhaa za risasi, kwa hiyo ukilinganisha uzito peke yake fundi ameshinda. Ila mimi, kama mkemia wa mazingira, nikiletewa sumu yoyote huuliza kwanza: inayeyuka?

Chukua kipande cha seli hiyo ambacho bado hakijafunikwa kioo. Rangi yake ni hudhurungi iliyokoza, karibu nyeusi. Kidondoshee tone moja la maji. Palipolowa panageuka manjano ukiwa unatazama. Nimeliona badiliko hilo mara nyingi maabarani na bado linanishtua, kwa sababu ile manjano ni ayodidi ya risasi, kampaundi ya risasi na ayodini: chumvi iliyokuwa imeshikana nayo imeshachukuliwa na maji, na yenyewe inaanza kuyeyuka. Katika nyuzijoto 20, lita moja ya maji huyeyusha gramu 0.76 za ayodidi hiyo. Maana yake ni kwamba lita chache tu zinaweza kuondoka na risasi yote ya mita ya mraba. Linganisha na teluridi ya kadimi, iliyomo katika paneli za tabaka jembamba zilizoko sokoni kwa miaka mingi. Kadimi ni metali yenye sumu kali, lakini kampaundi hiyo karibu haiyeyuki kabisa katika maji.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha maikrogramu 10 za risasi kwa lita ya maji ya kunywa. Gramu 0.7 zinatosha kufikisha lita 70,000 kwenye kiwango hicho. Ndiyo maana namwomba kila anayevuna maji ya mvua asiyakinge yale yanayopita juu ya paneli ya aina hii iliyopasuka.

Kwenye udongo hesabu inaonekana ya kutuliza. Risasi hiyohiyo ikichanganyika na udongo wa mita moja ya mraba hadi kina cha sentimita 10, inaongeza kama miligramu 5 kwa kila kilo, ilhali udongo mwingi una risasi ya asili kuzidi hapo. Nisingetulia mapema. Mwaka 2020 watafiti walipanda mnanaa katika udongo uliotiwa perovskaiti, wakakuta risasi hiyo inaingia mmeani kwa urahisi takriban mara kumi kuliko risasi iliyokuwamo udongoni tangu awali. Kwa watoto, hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kuhusu bati, wazo ni zuri na wengi wamelijaribu. Shida ni kwamba bati likiwa ndani ya seli hizi halitulii: likikutana na hewa na unyevu huoksidika, na ayodidi yake huyafanya maji kuwa na asidi kali. Katika majaribio ya mwaka 2016 kwa samaki pundamilia, ayodidi ya bati iliua zaidi kuliko ayodidi ya risasi, na asidi hiyo ilikuwa sababu kubwa. Seli za bati pia huzalisha umeme kidogo kuliko zile za risasi, na hudumu muda mfupi.

Kinachonipa matumaini zaidi ni namna ya kuifunga paneli yenyewe. Kioo mbele na nyuma, kingo zilizozibwa vizuri, na utando unaonasa risasi kabla haijatoka. Mwaka 2020 utando wa namna hiyo ulizuia zaidi ya asilimia 96 ya risasi kuvuja kwenye seli zilizoharibiwa vibaya. Nisiwasahau wafanyakazi wa viwandani: kiyeyushi kinachotumika sana kutengeneza tabaka hili, dimethilifomamidi, hupenya ngozi na hudhuru uzazi. Kwao hatari ipo kila siku, hata kama hakuna paneli iliyopasuka.

Paneli yako, ikiwa ni ya zamani kidogo, karibu hakika ni ya silikoni, na risasi yake iko kwenye lehemu. Ukinunua ya perovskaiti, muulize muuzaji kama ina kioo pande zote mbili na nani ataipokea ikishachakaa. Ikipasuka, vaa glavu, ifunike isilowe, ifunge kwenye plastiki nene, wala usiichome.