Umesoma PCB na unaogopa fizikia ya mwaka wa kwanza?

Dada, umeuliza kama mtu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) mwenye hesabu za BAM tu, yaani hesabu za msingi za kidato cha tano na sita, anaweza kumudu fizikia ya mwaka wa kwanza hapa Moshi. Anaweza, ila kalkulasi, yaani hesabu za vitu vinavyobadilika, aianze sasa, asisubiri chuo kifunguliwe. Mekaniki, yaani fizikia ya mwendo na kani (nguvu za kusukuma na kuvuta), inaanza wiki za mwanzo na haimngoji mtu.

Shida huwa hapa: shuleni tumezoea v = u + at (kasi ya mwisho ni kasi ya mwanzo jumlisha mchapuko mara muda), tunaimba tu. Fomula hiyo ni sahihi pale mchapuko, yaani kiwango cha kasi kubadilika, unapokuwa haubadiliki. Chukua Kosta ya Moshi kwenda Arusha, kama kilomita 80. Ikitumia saa 2, wastani wake ni kilomita 40 kwa saa. Lakini Boma Ng'ombe inasimama kabisa, na ikifika kwenye barabara nyoofu inakimbia mara mbili ya hapo. Ukiulizwa kasi yake sekunde fulani, wastani haukusaidii, na hapo ndipo kalkulasi inapohitajika. Kwa kweli Newton aliunda hesabu hizo akihangaika na mambo ya mwendo hayohayo.

Jambo jingine, kabla ya kuandika fomula yoyote achore kitu chenyewe na kani zote zinazokigusa, pamoja na uzito wake. Wengi wanaruka hatua hii na ndiyo inayowaangusha.

Maabara asiwe na hofu nayo, aliyefanya praktiko za kidato cha sita atazoea. Atafute wenzake wawili watatu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) wafanye maswali pamoja jioni, kwa kalamu na karatasi.